Pikipiki Isiyojua Kusalimu

Jumanne, 1 Julai

Imefika! Iko uani, chini ya kamba ya nguo. Siwezi kuitazama kwa muda mrefu. Nimeshtuka.

Ni pikipiki ya safari ndefu, ile ya kupanda milima na kuvuka mito, yenye tairi za meno na mdomo mrefu kama wa korongo. Mradi mmoja wa kambi ya wakimbizi umefunga virago, vitu vyao vikapigwa mnada hapa Kibondo. Hii ilikuwa bado na nailoni kwenye siti. Mpya kabisa, haijawahi kuendeshwa na mtu. Nilinyoosha mkono. Hakuna mwingine aliyenyoosha. Nikadhani ni bahati!

Sasa nimejua. Wenzangu wote walikuwa wameshaipima kwa macho.

Urefu! Nikikaa juu yake miguu inaning'inia kama ya mtoto kwenye kiti cha kinyozi. Kupanda nilipanda, kwa kukanyaga kinu cha Bi Kuruthumu, mwenye nyumba wangu. Kushuka ndiko kulikokuwa kesi. Bi Kuruthumu akatoka jikoni, akauliza kama hicho ni chombo au ni ng'ombe, na nimepata wapi ruhusa ya kukanyagia kinu chake. Nikamwomba anishike mkono. Akasema kwanza niombe radhi kwa kinu.

Niliomba radhi kwa kinu.

Leseni ninayo tangu chuoni, lakini nilijifunzia pikipiki ya ukubwa wa binadamu. Kitabu cha maelekezo kina lugha nyingi, Kiswahili hakimo. Nimesoma kurasa zote za hatari. Ni nyingi kuliko kurasa za kuendesha.

Niandike sababu, nisije nikajisahau. Sababu ni Ernesta, mwalimu wa Kasulu, ninayetaka kumwoa. Baba yake ni Mzee Tharsisi, katekista mstaafu wa kijiji cha Kagerankanda. Ameagiza niende siku ya Saba Saba, anitazame kabla sijatuma mshenga. Akinikataa, hakuna rufaa. Na Reverien, karani mwenzangu wa masjala, meza ya pili, mtu wa Gwarama, amesema mbele za watu kwamba njia ya Kagerankanda na yeye anaijua. Akaongeza kwamba safari yangu ndefu kuliko zote ni kutoka kitini hadi kabati la mafaili.

Tutaona!

Jumatano, 2 Julai

Nimekwenda nayo kazini. Nimefika. Kusimama ndiko kulikonishinda.

Mguu haugusi ardhi, kwa hiyo huwezi kusimama mahali popote pasipo na kitu cha kuegemea. Jambo hili halimo kwenye kurasa za hatari! Nilizunguka mlingoti wa bendera mbele ya ofisi nzima. Mlinzi wetu, mzee Ndihokubwayo, akadhani ni heshima fulani mpya ya serikali, akasimama wima akapiga saluti. Niliendelea kuzunguka. Aliendelea kupiga saluti. Mwishowe nikapaza sauti kwamba ninaomba kushikwa. Akanishika, Mungu ambariki.

Reverien alikuwa dirishani. Akauliza kama mheshimiwa karani ameshahamia ghorofani, na kodi ya huko ikoje.

Mchana sikula. Nimechora ramani ya mawe yote makubwa ya mjini Kibondo ambayo mtu anaweza kukanyaga. Yapo ya kutosha. Ya barabara ya Kasulu siyajui.

Mpango: pikipiki ishuke. Kama mtu hawezi kuongezeka, chombo kipungue.

Alhamisi, 3 Julai

Nimeipeleka kwa Shamsi, fundi wa karibu na stendi. Nilimweleza kwa utulivu kwamba ninataka iwe fupi. Akaizunguka huku akipiga mluzi. Akasema bosi, chombo kama hiki hakifupishwi, kinapambwa. Nikasema fupi. Akasema sawa, fupi, lakini na mapambo.

Nimeirudia jioni. Mshtuko!

Amekata sponji ya siti hadi nimebaki nimekalia ubao. Ameshusha shokapu za mbele, za nyuma hakuzigusa, anasema nyuma kuna siri za kiwandani. Sasa pikipiki imeinama kama ng'ombe anayekunywa maji. Ukikaa, unateleza kuelekea tangi. Amechomelea keria ya nondo, amefunga taa nne, na kila upande ameweka sanduku la bati lililokuwa debe la mafuta ya kula. Shamsi amefurahi kuliko mimi. Aliniomba apige nayo picha.

Miguu bado haigusi ardhi. Imekaribia! Lakini haigusi.

Na stendi ya pembeni haikukatwa. Chombo kimeshuka, stendi imebaki na urefu wake, kwa hiyo pikipiki sasa inasimama wima kabisa, kama mtu anayesikiliza. Niliigeuzia mgongo ili nifunge lango. Ikaanguka upande wa pili, juu ya maharage ya Bi Kuruthumu aliyoyaanika tangu asubuhi.

Amesema mengi. Sitayaandika. Lilikuwamo neno la kwao Ujiji ambalo sikulijua, nami sikuthubutu kuuliza maana.

Tumeokota maharage pamoja. Mimi nilivaa kofia ngumu muda wote.

Ijumaa, 4 Julai

Wazo jipya! Kama chombo hakishuki zaidi, mtu atapanda. Nimekwenda kwa mshona katambuga, zile ndala za tairi, sokoni, nikampa mabuti yangu. Amegundisha vipande vya tairi chini ya nyayo, kimoja juu ya kingine, akapiga misumari. Vidole vya miguu sasa vinagusa ardhi! Nimesimama peke yangu mbele ya soko, bila jiwe, bila Ndihokubwayo. Nilikaribia kulia.

Hasara ni moja. Kupitia raba yote hiyo mguu hausikii kitu, hata gia haujui iko wapi. Nimeingia gia ya tatu kwa kubahatisha, na nimeamua kubaki humohumo.

Jioni nimefanya jaribio, njia ya Kakonko, kwetu.

Walikuwa wanawake wanatoka shambani, majembe begani. Mbele yao Mama Asnath, rafiki wa mama yangu, aliyenibeba mgongoni nikiwa na surua. Wakanitambua. Wakaweka majembe chini, wakapiga magoti pembeni mwa barabara, wakaanza kupiga makofi ya salamu, taratibu, kama tunavyosalimiana kwetu.

Nami niko gia ya tatu!

Mtu wa nje atasema, si umpungie mkono upite? Kwetu hapana. Mkubwa hapungiwi mkono. Hata mwenye baiskeli hushuka, akaiegemeza, akapiga makofi, wakaulizana habari za nyumbani, za watoto, za mifugo, za mvua, kisha wakazirudia tena kwa mpangilio mwingine. Mama yangu husema anayesalimu akiwa juu ya chombo amekisalimia chombo.

Nilifanya ulichotaka mwili wangu. Niliachia usukani, nikapiga makofi.

Shamba la muhogo lilikuwa laini, namshukuru Mungu. Mama Asnath alikuja, akapiga magoti palepale katikati ya mihogo iliyolala, akamaliza salamu zote, nami nikaitikia nikiwa chali. Ndipo akauliza kama nimeumia.

Sikuumia. Ila nimetambua jambo la kutisha. Kutoka Kasulu hadi Kagerankanda barabara nzima ni wazee!

Jumamosi, 5 Julai

Sikulala vizuri. Nimeota nazunguka mlingoti huku wazee wa Kagerankanda wote wamepanga mstari wakipiga makofi.

Asubuhi nimekwenda kwa Shamsi nikamweleza tatizo. Nilitarajia anicheke. Hakucheka! Akaingia ndani, akatoka na spika ya rangi ya machungwa, ya wale wauza dawa wanaozunguka mitaani na sauti yao ikijirudiarudia. Mwenyewe aliileta kutengenezwa, hakurudi. Shamsi akasema bosi, tunarekodi salamu humu, tunafunga swichi karibu na klachi, ukimwona mzee unabonyeza. Mikono inabaki kwenye usukani, heshima inakwenda mbele yako.

Kwa nini serikali haijamwona mtu huyu?

Sauti yangu ilikataa. Inatetemeka, ikisikika kwenye spika unadhani ninaomba msamaha. Nimemwita Ndihokubwayo, ana sauti nzito ya mtu mzima. Aliuliza anamsalimia nani. Nikamwambia wazee wote. Akavua kofia mbele ya spika, akapiga makofi, akasema kwa lugha ya kwetu, "Mwakeye, mwakeye neza, muraho imuhira?" kwa upole hata Shamsi naye akaitikia.

Nimeuliza kama sauti ya zamani ya muuza dawa imefutwa. Shamsi akasema kabisa, bosi. Nikauliza tena. Akasema kabisa kabisa.

Mimi ni mtu mwangalifu. Niliuliza mara ya tatu.

Jumapili, 6 Julai

Ibada. Nimeombea breki.

Baada ya chakula nimejaribu spika uani. Bi Kuruthumu alikuwa ndani, akaitikia, akatoka na kanga ya heshima kumpokea mgeni. Akatafuta nyuma ya mlango. Nilipomwonyesha spika alinitazama, kisha akasema mwanangu, salamu si kengele. Akaniambia nipande basi, nibebe sukari, nivae viatu vya kawaida.

Mtu mwema, lakini hajasoma mambo ya mitambo.

Reverien amenitumia ujumbe. Ananitakia safari njema, anasema tutaonana mbele kwa mbele. Mbele kwa mbele maana yake nini? Nimepiga pasi shati mara mbili.

Jumatatu, 7 Julai. Saba Saba

Naandika nikiwa Kasulu, chumba cha kulala wageni. Nitajaribu kwenda kwa mpangilio.

Nimeondoka alfajiri. Baridi ya kukata masikio. Lami ni nzuri, gia ya tatu imenitosha, ingawa injini ilipiga kelele ya kulalamika hadi daraja la Malagarasi na baada ya hapo. Spika nimeitumia kwa wazee wote niliowaona. Wote waliitikia! Mmoja alivua kofia. Nilijisikia mtu mkubwa. Mahali pa mafuta nilizunguka pampu hadi mhudumu akaelewa, akaja akanishika.

Kasulu nimekunywa chai nikiwa nimeegemea ukuta wa mgahawa, sikushuka. Saa zikaenda. Jua lilikuwa limeshapinduka nilipoingia njia ya vumbi ya Kagerankanda.

Karibu kabisa na kwao, kwenye kona yenye migomba, alikuwa anatembea mzee mmoja mwembamba, koti jeusi, kofia, fimbo. Jiwe la kukanyaga hakuna. Mteremko. Nikabonyeza.

Makofi yakatoka. Sauti ya Ndihokubwayo ikatoka: "Mwakeye, mwakeye neza!" Ilikuwa saa nane mchana. Salamu ya asubuhi! Mzee akasimama hata hivyo, akaweka fimbo kwapani, akavua kofia, akaanza kunipigia makofi.

Ndipo spika ikashusha pumzi, ikasema kwa sauti ya kijana mwenye furaha:

"Panya! Kunguni! Mende! Viroboto! Wote kwisha! Dawa ni moja, panya anafia mbali, hanuki!"

Nilibonyeza swichi. Ikazidi sauti! Nilimpita mzee yule akiwa ameinua mikono, nikamfunika kwa vumbi. Kwenye kioo nilimwona bado anapiga makofi ndani ya wingu.

Kabisa kabisa, Shamsi!

Nyumbani kwa Mzee Tharsisi nilisimama kwa kuegemea ghala la mahindi. Ghala likasogea kidogo. Ernesta hakuwapo uani, walisema yuko jikoni. Nikavua mabuti mlangoni, kama adabu inavyotaka, nikaketi. Spika nilikuwa nimeichomoa waya wote.

Baba mwenye nyumba akaingia.

Koti jeusi. Vumbi hadi kwenye kope.

Sikuweza kusimama. Alinisalimia yeye! Alinipigia makofi, akauliza habari za nilikotoka, za barabara, za mifugo yangu ambayo sina. Nikaitikia kwa sauti ya panya. Alipomaliza akayatazama mabuti mlangoni, kisha akanitazama mimi, akasema ajabu, muuza dawa alipopita alikuwa mrefu.

Muuza dawa! Amedhani mimi ni muuza dawa ya panya!

Akasema hakuchukia kupitwa. Mtu wa biashara ana haraka, na angalau alijaribu kusalimu kwa mashine. Akasema leo anamsubiri karani wa Kibondo anayemtaka binti yake. Akasema kama karani huyo angempita barabarani namna ile, angemrudisha kwenye kona ya migomba asikanyage uani. Kisha akauliza paketi nauzaje, kwa sababu ghala lake limevamiwa.

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema. Naiandika ili niione. Nilikuwa na nafasi.

Ernesta akaingia na maji ya kunawa. Akapiga magoti, akainua macho, akaniona, akatabasamu. Baba yake akamwambia amnawishe muuza dawa. Tabasamu likasimama lilipo. Akanitazama. Alikuwa ananisubiri mimi niseme. Nilitazama maji.

Nikasema dawa imekwisha, nitaleta mzigo mwingine wiki ijayo.

Aliweka jagi chini polepole sana.

Nje tukasikia kikohozi cha adabu. Reverien! Ameshuka boda kule konani, ametembea kwa miguu, sukari mkononi, kofia kwapani. Alimsalimia Mzee Tharsisi kwa utulivu hadi kuku wakaacha kuchakura. Walipiga makofi, wakashikana viwiko, wakaulizana hadi habari za marehemu. Mzee akafurahi. Akanitambulisha kwake: huyu ni muuza dawa ya panya.

Reverien alinitazama. Akaitazama pikipiki ghalani. Akaelewa yote mara moja, mtu yule! Nilifumba macho nikisubiri kufichuliwa. Hakunifichua. Akauliza kwa heshima kubwa, bwana muuzaji, dawa yako inaua na panya wa ofisini? Wale wanaokula pembezoni mwa mafaili?

Nikasema inategemea na ukubwa.

Ernesta ndiye aliyesimama. Sauti yake haikutetemeka. Akasema baba, huyu si muuza dawa. Huyu ndiye Obedi.

Nikatazama soksi zangu.

Mzee Tharsisi hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alisimama, akavaa kofia, akachukua fimbo, akasema basi twende. Akanipeleka hadi kwenye kona ya migomba, mimi na soksi. Akaniacha pale, akarudi kidogo, akageuka, akaanza kuja kama mtu anayepita njia yake. Nikaelewa. Nikaweka mikono pamoja. Mwidiwe, Mzee. Nilisalimu ya mchana, nikauliza ya nyumbani, ya mvua, ya ghala. Machozi yalinitoka, sijui kwa nini. Alijibu yote, moja baada ya jingine, hakuruka hata moja.

Kisha akasema kijana, kusalimu unajua. Kusema wewe ni nani ndiko hujui. Akasema nije tena Nane Nane, kwa miguu kutoka konani, bila mashine, niseme jina langu mwenyewe. Mpaka siku hiyo mshenga akae kwake. Na Reverien naye akaribie, hajafungiwa mtu mlango.

Reverien alibaki kula. Kuku! Mimi niliondoka. Yeye ndiye aliyenishikia pikipiki nikapanda. Ernesta alisimama mbali, mikono kifuani. Nilitaka kusema neno. Mguu ukapata gia ya tatu.

Alhamisi, 10 Julai

Nimerudi Kibondo salama. Reverien ofisini ananipigia makofi taratibu kila nikipita na faili.

Ernesta ameniandikia. Ujumbe mfupi: "Uje na basi, Obedi. Na ushuke, useme." Nimeusoma mara nyingi. Anatoa nafasi! Anajali!

Nimetafakari kwa kina, kama nilivyofundishwa chuoni, kutenga kosa na mazingira ya kosa. Mzee alisema wazi kwamba kusalimu najua. Ernesta hakulalamikia safari. Tatizo ni nini basi? Leo saa nne asubuhi, nikiwa katikati ya kugonga muhuri, nimeliona. Nilishtuka jinsi lilivyo dogo.

Saa! Spika ilisema salamu ya asubuhi mchana.

Nimekwenda kwa Shamsi moja kwa moja. Swichi tatu: asubuhi, mchana, jioni. Ndihokubwayo amekubali kurekodi zote, na safari hii ataongeza mwishoni, kwa sauti ya heshima, "Mimi naitwa Obedi." Hilo la jina nimelizingatia kikamilifu.

Shamsi ameapa kuwa habari za panya zimefutwa kabisa. Nimemuuliza mara nne.